Kanzu Nyeupe na Maji ya Mlima

Siku ya Alhamisi, kwenye kamba za kuanikia za mtaa wa Majengo, uwe wa Meru au wa Embu, kanzu nyeupe hupepea zikiisubiri sala ya Ijumaa. Weupe huo una historia, nayo inaanzia kwenye maji kabla ya kufika kwenye sabuni.

Serikali ya kikoloni ilifungua kituo Embu mwaka 1906, kisha Meru mwaka 1908. Wafanyabiashara Waislamu na askari wakafuata, na mitaa yao, kama mingine ya aina hiyo nchini Kenya, ikaitwa Majengo. Aliyetoka pwani miongoni mwao alikuwa amezoea visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Maji hayo ni magumu, yaani yana kalsiamu nyingi: sabuni hukataa kutoa povu, ikaganda nguoni kama utando wa kijivu, na kitambaa kikikauka huwa kigumu kama gome.

Bara mambo yalikuwa tofauti. Mto Kathita upande wa Meru, na Rupingazi na Kapingazi upande wa Embu, hushuka mbio kutoka Mlima Kenya juu ya mawe ya volkano yasiyo na chokaa nyingi. Maji yake ni laini, na kipande kidogo cha sabuni hujaza karai povu.

Adui wa mito hii ni tope. Mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba, huteremsha udongo mwekundu wenye chuma, unaoachia nguo nyeupe rangi ya kutu. Dawa yake ni kuyaacha maji yatuame usiku kucha, kisha kuyamimina taratibu. Paa la mabati nalo likaleta njia nyingine: mvua ya kwanza isafishe vumbi, inayofuata ikingwe kwenye pipa. Maji ya mvua hayajapita mwambani, kwa hiyo ni laini pia.

Ukiteremka kuelekea Mbeere na Tharaka, visima vingi hutoa maji ya chumvi, mara nyingi magumu pia. Hapo magadi husaidia: huikamata kalsiamu na kuishusha chini, sabuni ikapata nafasi ya kufanya kazi. Jivu la kuni hufanya vivyo hivyo. Magadi yenyewe hupatikana Kenya, kwenye Ziwa Magadi, ambako kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911.

Baadaye zilikuja sabuni zisizohitaji msaada wa magadi. Ujerumani ilitengeneza sabuni za kikemikali mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta uhaba wa mafuta. Marekani ikatoa Tide mwaka 1946, poda isiyoogopa maji magumu. Kenya ilipata poda zake, na wengi wakaziita zote Omo, jina la chapa moja tu.

Hata hivyo, hakuna poda iliyoondoa haja ya kuchagua joto. Damu hutaka maji baridi, kwa kuwa moto huikaanga ndani ya nyuzi kama yai. Kola yenye mafuta hutaka maji ya uvuguvugu. Nepi za pamba huchemshwa. Leso mpya hufuliwa peke yake kwa maji baridi, rangi isije ikahamia kwenye kanzu.

Sheria ya Maji ya 2002 ilifungua njia kwa kampuni za maji mijini, na leo mashirika kama MEWASS ya Meru na EWASCO ya Embu husambaza maji. Bomba limeuleta mto uani. Lakini bluu ya kung'arisha nguo nyeupe bado huyeyushwa kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, nayo lazima yawe maangavu: yakiwa na tope, madoa hujitokeza begani mwa kanzu. Ndiyo maana pipa la mvua hufunikwa vizuri hadi Alhamisi.