Safari ya Galactica na ile ya Katumba

Wapenzi wa tamthilia za anga mtaikumbuka Battlestar Galactica, hasa ile sehemu iitwayo "33", iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2004. Sayari zao zimeteketezwa, walionusurika wanahamahama angani, na kila baada ya dakika 33 adui anawafikia, wanakimbia tena. Rais wao ana ubao wenye idadi ya walio hai. Watu wakifa, anafuta na kupunguza. Mwishoni anazaliwa mtoto, rais anaongeza mmoja: 47,973.

Huku Mpanda tunao watu walioishi jambo hilo. Mwaka 1972 maelfu ya Wahutu walikimbia mauaji nchini Burundi. Tanzania ikawapa ardhi: kwanza Ulyankulu mkoani Tabora, mwaka 1973 Katumba, na mwaka 1978 Mishamo, baada ya Ulyankulu kulemewa na watu. Katumba na Mishamo leo zipo mkoani Katavi. Walifyeka miombo, wakalima mahindi, mihogo na maharage, wakajilisha wenyewe.

Katikati ya miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi nao Mishamo, kisha akaenda kwa wenzao waliojichanganya mjini Kigoma. Katika kitabu chake cha mwaka 1995 anaeleza kwamba wa Mishamo walijiona taifa lililo uhamishoni, lenye historia yake na siku yake ya kurudi. Wale wa Kigoma hata jina la mkimbizi hawakulitaka. Watu wale wale, mkimbio ule ule. Kilichowatofautisha ni mahali walipowekwa na namna walivyohesabiwa.

Mwaka 2007 na 2008 wakimbizi hao wa 1972, wapatao 218,000 na watoto wao, waliulizwa wanataka nini. Karibu asilimia 80 wakachagua uraia wa Tanzania, na mwaka 2010 takriban 162,000 walikubaliwa. Lakini kulikuwa na sharti: wahame makazi yale na kutawanyika mikoa mingine. Uraia wa Burundi wameshaukana, cheti cha Tanzania hakijatoka, na mashamba wanaambiwa wayaache. Sharti hilo lilikuja kuondolewa, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975. Hakuvuka mpaka wowote, hakukimbia vita yoyote, ila aliitwa mkimbizi hadi akakaribia miaka 40. Mtoto wa Galactica aliandikwa ubaoni siku ile ile aliyozaliwa.

Tamthilia hutufundisha kwamba safari ya wahamaji huisha wakiona ardhi. Katumba inatuambia vingine. Ardhi walishaipata mwaka 1973, wakailima, wakawazika wazee wao humo. Safari ilikuja kuisha pale wenyeji walipokubali kuwaandika kwenye daftari moja na wao.