Okapi Yangu ya Konyo Konyo

Babu yangu wa Tanga alikuwa na kisu cha kukunja cha Okapi, na kila alipotaka kuchuna mbuzi alikisikiliza kwanza. Alikifungua polepole, krr, krr, krr, mpaka kitoe ule mlio wa mwisho ulio mzito kuliko yote. Usipousikia huo, alituambia, kisu bado hakijafunguka. Mimi sasa ni fundi wa malori Juba. Okapi yangu nimeinunua soko la Konyo Konyo, na hata jenereta zikinguruma huwa naitegea sikio vilevile.

Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili viuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na Tanga ilikuwa chini ya Mjerumani. Jina ni la mnyama wa msitu wa Ituri, huko Kongo, jirani zetu hapa. Wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamempa jina lake la kitaalamu, mwaka 1901. Tangu 1988 visu hivi vinatengenezwa Afrika Kusini.

Nchi hii ya Juba ilikuwa na visu vyake zamani. Wabari walikuwa na wahunzi wao, tabaka la peke yao, na kisu cha mhunzi hakikunjwi. Ng'ambo ya Nile ilikuwapo Gondokoro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Khartoum. Februari 1863 wasafiri Speke na Grant waliingia hapo wakitokea Unguja, wakamkuta msafiri mwenzao Samuel Baker. Pamoja nao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, msemaji wa Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili kimesikika ukingoni hapa kabla hata Juba haijawa mji. Februari 1910 akapita Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, ametoka kuwinda vifaru weupe eneo la Lado.

Mwindaji wa enzi hizo aliyechuna mnyama mkubwa alitaka kisu cha ala, na alikuwa na haki. Kisu cha kukunja cha kawaida kinashikwa na springi tu. Ukikandamiza ncha ndani ya kiungo cha mfupa, bapa linarudi, na vidole viko njiani. Kovu la kidole changu cha shahada nililipata Nimule nikikata kamba ya turubai kwa kisu cha namna hiyo.

Okapi ina komeo. Kitako cha bapa kina meno, na springi iliyolala mgongoni mwa mpini ina tundu. Kila jino likipita springi inaruka, ndiyo ile krr. Bapa likinyooka kabisa, jino la mwisho linazama tunduni, na hapo huwezi kulifunga mpaka uinue springi kwa pete yake. Pete hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko kitu chochote kwenye kisu hiki: hata mkono ukiwa na mafuta unaipata.

Mpini ni wa mti, mwembamba, umepambwa miezi na nyota za bati, na mwisho umepinda ili kidole cha mwisho kipate pa kujishika. Mbele hauna kizuizi, hilo ni kosa lake.

Mwenzangu gereji ana Buck 110, kisu cha Marekani kilichotoka 1964. Kina bapa la sentimita 9.5 hivi na uzito wa gramu 200, vichwa vya shaba, kinajaza kiganja. Komeo lake likishika hakitikisiki hata kidogo. Nakiri kimeundwa vizuri kuliko changu. Lakini changu kikilegea nagonga ripiti kwa nyundo, kazi inaendelea.

Siwindi. Wanyama wa hifadhi ya Badingilo waachwe wazae. Kisu changu ni cha mbuzi na kamba. Nawe ukienda kununua, usitazame makali, makali utayanoa nyumbani. Kifungue mpaka mlio wa mwisho, geuza mgongo wa bapa, ukandamize kwenye meza ya muuzaji, vidole ukiviweka mbali. Kikijikunja, kirudishe.