The African Queen na miendelezo yake

The African Queen ni filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston. Chanzo chake ni vita vilivyopiganwa juu ya Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1914 na 1916. Majaribio mawili ya kuifanya mfululizo wa televisheni, la 1962 na la 1977, hayakufika popote. Sababu yake mtu wa Uvira au Baraka, kando ya ziwa hilo, huiona upesi, kwa kuwa anajua yaliyolipata ziwa baada ya vita.

Filamu inatokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Forester alibadili majina: ziwa akaliita Wittelsbach, na meli ya vita ya Wajerumani akaipa jina la Königin Luise. Mfano wa meli hiyo ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli mpaka Kigoma, na kuteremshwa majini Februari 1915. Tayari Wajerumani walikuwa wakilitawala ziwa. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, huko Lukuga karibu na Kalemie ya leo.

Waingereza walijibu kwa boti mbili za injini, Mimi na Toutou. Zilitoka London, zikapitia Cape Town, na kutoka Fungurume zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa maksai na kwa jasho la Wakongomani waliokata njia na kujenga madaraja. Kisha zikafuata reli na mto Lualaba hadi ziwani. Kikosi chao, chini ya Geoffrey Spicer-Simson, kiliiteka meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig tarehe 9 Februari 1916. Götzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, Spicer-Simson hakuthubutu kuishambulia.

Huston hakupiga picha Tanganyika. Alikwenda Biondo, Kongo, kwenye mto Ruiki, si mbali na Ubundu ya leo, kisha Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba. Waigizaji na mafundi wengi waliugua. Humphrey Bogart, aliyecheza Charlie Allnut, alipata Oscar yake pekee kwa kazi hii. Katharine Hepburn alicheza Rose Sayer, dada wa mmisionari. Utamu wote umo katika chombo kimoja kibovu: mlevi na mcha Mungu, wasiopatana hata kidogo, wanapita maporomoko, matete na ruba mpaka wanapendana. Mwishowe meli ya Wajerumani inaigonga mashua yao iliyozama, yenye mabomu ya kujitengenezea, na meli inalipuka.

Mwisho huo ni mzuri sana, na ndio uliofunga mlango. Adui amezama, mashua imezama, wapenzi wameoana. Mwaka 1962 James Coburn na Glynis Johns walicheza Charlie na Rose katika kipindi kimoja cha televisheni ya Marekani kilichoitwa Safari, lakini mfululizo haukufuata. Mwaka 1977 Richard Sarafian aliwarudisha wawili hao, safari hii Warren Oates na Mariette Hartley, kwa matumaini yale yale. Ulikuwa mwendelezo usio na cha kuendeleza: watu waliokwisha kupatana wanatafutiwa ugomvi mpya na Wajerumani wapya. Pirates of the Caribbean iliwakinaisha wengi katika sehemu zake za baadaye, lakini Jack Sparrow alikuwa angalau na bahari nzima ya kuzurura. Charlie na Rose walikuwa na safari moja tu, nayo imekwisha.

Hadithi iliyobaki ilikuwa ya meli. Juni 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Wakongomani kwa maelfu pamoja na wapagazi wao, walikuwa wamevuka Ruzizi na kuingia Usumbura, wakielekea kusini. Kigoma ilipokaribia kuanguka, Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen tarehe 26 Julai karibu na mlango wa Malagarasi, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria, samaki na magunia kwa miongo mingi.

Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, Umoja wa Mataifa uliikodi meli hiyo hiyo kuwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Kwa muda wa miezi 5 ilikwenda na kurudi kati ya Kigoma na Uvira mara 22, ikavusha zaidi ya watu 75,000.