Njaa ya Kadi ya Picha

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ile iliyozifungulia njia kompyuta za mezani, ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 63.5. Namwomba msomaji aishike tarakimu hiyo. Balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka ndani ya kioo, aghalabu ilikula wati 60. Yaani ukiacha skrini, mashine nzima pamoja na kadi yake ya picha ilipangiwa umeme wa taa moja ya sebuleni.

Kadi ya rangi ya siku hizo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na mchezaji alipata rangi nne kwa wakati mmoja. Mwaka 1987 ikaja VGA, rangi zikawa 256. Hata hivyo kazi nzito ya kukokotoa picha ilibaki kwa prosesa kuu. Kadi ilikuwa karani tu, hupokea na kuonyesha.

Mageuzi yalikuja mwaka 1996, pale kampuni changa ya California, 3dfx, ilipotoa kadi iliyoitwa Voodoo Graphics. Kadi hiyo ilijua jambo moja tu, nalo ni kuchora kwa kasi maumbo ya pande tatu. Haikuweza hata kukuonyesha barua uliyopiga chapa. Ilikubidi uwe na kadi nyingine ya kawaida, kisha uziunganishe kwa waya. Watu wazima, wenye akili zao timamu, walitoa fedha kununua kifaa kisichofaa kitu ila mchezo. Nimefundisha historia miaka mingi chuoni, na nathubutu kusema kwamba mambo mengi makubwa ya kompyuta za leo yalilipiwa na wachezaji hao.

Lakini karani alipogeuka fundi, alianza kula. Mwaka 2000 kampuni hiyo hiyo ilitoa Voodoo5 5500, na umeme wa tundu la mazabodi haukuitosha. Ikachomekewa waya wake moja kwa moja kutoka kwenye pawa saplai. Ndugu yake mkubwa, Voodoo5 6000, alipangiwa adapta yake ya nje ya kuchomeka ukutani! Huyo hakufika sokoni, na mwisho wa mwaka ule Nvidia ilikubaliana na 3dfx kununua mali zake. Njaa haikuzikwa pamoja na 3dfx. Tundu la kisasa hutoa wati 75. Plagi ya pini sita huongeza 75 nyingine, ya pini nane 150. Mwaka 2025 ilitoka RTX 5090, ambayo peke yake imepangiwa wati 575, mara tisa ya ile mashine nzima ya 1981.

Habari hizi nilizifuatilia kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Mjukuu wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameweka akiba ya shilingi laki nne kwa kufundisha watoto tuisheni ya hisabati. Kompyuta yetu ni mtumba uliotoka ofisini, wenye pawa saplai ya wati 240. Alitaka fedha zote ziishie kwenye kadi ya mtumba inayokula wati 250. Baba yake alitaka zisiende kwenye mchezo hata senti moja. Wakaniletea mimi. “Babu, amua wewe.”

Tulikwenda Kariakoo pamoja na fundi tunayemwamini. Muuzaji mmoja alitupa jibu rahisi: kipande cha waya kinachogeuza plagi mbili za diski kuwa plagi moja ya kadi. Fundi akacheka. “Mzee, waya utaungana, lakini umeme hautaongezeka.” Muuzaji akaleta pawa saplai mpya iliyoandikwa wati 600. Fundi akaipima mkononi, akanipa nami niipime. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Pawa saplai ya kweli ina uzito, kwa sababu ndani mna shaba, pasi za kupoza na kapasita za kutosha. Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani wa volti 230, unaogeuka-geuka, na kuutoa ukiwa mtulivu wa volti 12, 5 na 3.3. Kadi ya picha hutegemea hasa ile njia ya volti 12. Ndiyo maana mnunuzi asome ampea zilizoandikwa kwenye njia hiyo, asidanganyike na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi. Ikizidiwa, ile nzuri hujizima. Ile mbaya yaweza kuondoka na mazabodi na diski. Na katika diski yetu mna hesabu za duka la mama yake za miaka sita, na picha za marehemu mke wangu ambazo hazipo penginepo.

Kulikuwa na mtego mwingine. Intel ilitoa kanuni ya ATX mwaka 1995, ambayo ilizipa pawa saplai vipimo na plagi za aina moja, lakini kompyuta nyingi za ofisini hazifuati. Fundi alipima kasha kwa rula na kuhesabu pini kabla hatujatoa fedha.

Niliamua hivi: pawa saplai nzuri kwanza, na kwa kilichobaki kadi ya mtumba ya mwaka 2016, GTX 1060, inayoridhika na wati 120. Mjukuu alinuna, lakini alikubali.

Kwa baba yake nilikuwa na somo jingine. Mwaka 1974, Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta ilionekana anasa. Sababu zilikuwepo, lakini kizazi chetu kilizeeka bila kuigusa. Sasa tazama mwaka 2012. Mwanafunzi wa Toronto, Alex Krizhevsky, akiwa na mwenzake Ilya Sutskever na mwalimu wao Geoffrey Hinton, aliifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha zaidi ya milioni moja. Alitumia kadi mbili za GTX 580, kadi za gemu za dukani, chumbani mwake nyumbani kwa wazazi wake. Kazi ilichukua siku tano hadi sita, nayo ikawashinda wote katika mashindano ya ImageNet. Akili bandia inayozungumzwa leo ilipata msukumo mkubwa pale.

Baba yake alinyamaza, kisha akauliza kadi mbili hizo zilikula umeme kiasi gani.

“Wati 488, baba,” mjukuu akadakia, “kabla ya kuhesabu mashine yenyewe.”

Asubuhi yake alimwongezea shilingi elfu hamsini, kwa sharti ziende kwenye pawa saplai.