WAVIU Washauri wa Nyanda za Juu Kusini: Kazi Iliyotangulia Dawa

Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kazi ya kumshauri mgonjwa kwa kutumia uzoefu wa kuugua ilianza wakati hospitali hazikuwa na dawa yoyote ya kumpa, na upungufu huo ndio ulioipa kazi hiyo sura ambayo haijaipoteza kabisa hadi leo. Wanaoifanya huitwa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU) ambao hukaa kwenye kliniki za tiba na matunzo, maarufu kama CTC, wakiwapokea waliotoka kupima na kuwafuata majumbani walioacha dawa.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umetoa taarifa ya wagonjwa. Nyanda za Juu Kusini ziliathirika mno, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zilipitisha watu wengi wasio na makazi ya kudumu, malori yalilala Makambako na Tunduma, na mashamba ya chai ya Mufindi yaliwavuta vibarua walioziacha familia zao mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2003 na 2004 ulikuta maambukizi ya zaidi ya asilimia 13 kwa watu wazima katika mikoa yote miwili, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.

Wapo wanaopenda kuitafutia kazi hii asili ya kale. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, kwa mfano, vijana wa umri mmoja walijenga na kukaa katika vijiji vyao wenyewe, mfumo ambao mwanaanthropolojia Monica Wilson aliueleza katika kitabu chake cha 1951, *Good Company*. Ufanano upo, lakini usivutwe kupita kiasi: rika la kijiji lilimpokea mtu kwa sababu ya umri wake, na umri haufichiki, ilhali kundi la wenye VVU lilimdai mtu atangaze jambo ambalo majirani wangeweza kumtenga kwa ajili yake.

Chimbuko lililo karibu zaidi ni la miaka ya 1990. Kati ya 1990 na 1993, shirika la AMREF liliwafunza waelimishaji rika kwenye vituo vya malori, yaani madereva na wanawake wa vituoni waliofundisha wenzao kujikinga. Hao waliunganishwa na kazi na mazingira, si na maambukizi. Hatua iliyofuata, ya kuwaunganisha watu kwa maambukizi yenyewe, ilikuwa nzito zaidi, nayo ilikuwa na mifano ya jirani: TASO, iliyoanzishwa Uganda mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake walioguswa na ugonjwa huo, na WAMATA, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989. Mjini Mbeya kikundi cha KIHUMBE, ambacho kirefu chake ni Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya, kilipeleka matunzo kwenye nyumba za wagonjwa. Mshauri wa wakati huo alimwogesha mgonjwa, alimsikiliza, na alizungumza na ndugu kuhusu watoto watakaobaki. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa kwamba yeye mwenyewe bado anaishi.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa na serikali mwaka 2004, kazi iligeuka. Aliyekuwa msindikizaji wa wanaokufa akawa mtunza orodha: alihesabu vidonge, alikumbusha tarehe za kurudi kliniki na kuwatafuta watoro, jina ambalo kliniki iliwapa walioacha kuhudhuria, na ambalo, kusema kweli, lina harufu ya shule na jela kuliko ya hospitali. Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU, NACOPHA, liliviunganisha vikundi kwa mitandao ya wilaya inayoitwa konga, na sheria ya UKIMWI ya 2008 ikalinda siri ya mgonjwa na kukataza unyanyapaa. Hapo ndipo ulipojitokeza mgongano usiokwisha, kwani mshauri hupata nguvu kwa kujiweka wazi, lakini mtaa ukishajua hali yake, hatua zake kuelekea nyumba fulani zinatosha kuitoa siri ya aliyemo ndani. Ndiyo maana wagonjwa wengine huomba wakutane naye sokoni au kanisani.

Tangu 2016, kila anayekutwa na VVU huanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, hivyo wateja wapya wengi hawajawahi kuumwa, na simulizi ya mshauri aliyenusurika miaka ya 1990 huwafikia kama habari za kizazi kingine. Vijana waliozaliwa na virusi, ambao swali lao kubwa ni namna ya kumwambia mchumba, wanahitaji wenzao wa umri wao. Hata hivyo, kazi hii haijawahi kuwa cheo katika muundo wa utumishi wa umma: WAVIU washauri hulipwa posho, kwa sehemu kubwa kutoka fedha za wafadhili, na Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, posho hizo zilikuwa miongoni mwa malipo yaliyotikisika mapema kuliko mishahara ya wauguzi waliokaa nao chumba kimoja.