Mshipa, Moyo na Nafuu: Historia Fupi ya Maneno ya Upasuaji wa Kifua

Utangulizi

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huo huo, huko Cleveland, Marekani, daktari René Favaloro alichukua kipande cha mshipa wa mguuni akakitumia kuipitishia damu njia nyingine, kando ya mshipa wa moyo uliokuwa umeziba. Tarehe 3 Desemba daktari Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa mtu mmoja katika kifua cha mwingine huko Cape Town; mgonjwa yule aliishi siku 18. Mambo haya hayakuhusiana, lakini tangu hapo kila aliyetaka kueleza kazi ya madaktari hao kwa Kiswahili alihitaji maneno.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi baadhi ya maneno ya upasuaji wa moyo, mapafu na mishipa yalivyotufikia, na kuonyesha upungufu mmoja. Kwa maoni yetu, maneno ya chumba cha upasuaji yameshughulikiwa vizuri, ila maneno ya kitandani na ya nyumbani, anakorudi mgonjwa, yameachwa yajitafutie njia yenyewe.

Mifano yetu tumeichota Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Sehemu hizo zimeunganisha elimu na tiba tangu zamani. Minaki, wilayani Kisarawe, ndipo chuo cha misheni cha Mtakatifu Andrea kilipohamia mwaka 1925 kutoka Kiungani, Zanzibar, na hapo pakawa na hospitali pia. Kibaha ulianza mwaka 1963 mradi wa nchi za Nordiki, wenye shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu. Kituo hicho cha afya ndicho chimbuko la Hospitali ya Tumbi.

Mshipa

Neno hili ni la kale, na maana zake ni nyingi mno. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson ilikwisha kulieleza kuwa ni jina la jumla la vitu vya mwilini vilivyo kama kamba au mfereji: njia za damu, neva na kano. Juu ya hayo, mshipa ni jina la maradhi pia. Katika mwambao wetu, ambako matende na mabusha yamewasumbua watu kwa karne nyingi, mzee akisema "nina mshipa" aghalabu huwa anataja ngiri au busha kwa lugha ya staha.

Wataalamu wa istilahi walifanya yaliyowapasa. Waliongeza sifa, tukapata mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Palipohitajika kupambanua zaidi waliswahilisha, tukapata ateri, vena, kapilari na neva. Maneno haya yaliingia katika vitabu vya shule, na wanafunzi wa sayansi wanayatumia bila shida.

Hata hivyo, mtu akipewa barua yenye maneno "upasuaji wa mshipa" bila nyongeza yoyote, hawezi kulaumiwa akielewa vingine. Huko Kisarawe tulielezwa habari za mzee mmoja aliyeandikiwa hivyo kwa ajili ya mshipa wa damu uliovimba tumboni. Mzee alikataa kwenda. Alisema busha hana, wala hakubali kuvuliwa nguo kwa maradhi asiyo nayo. Hakuwa mkaidi: alikisoma Kiswahili alichokizaliwa nacho. Neno "wa damu" lilikosekana katika barua, na kukosekana kwake kuliwagharimu ndugu zake majuma mawili ya kumbembeleza.

Moyo, kifua na mapafu

Moyo wetu hufanya kazi mbili. Ni kiungo kinachosukuma damu, na ni makao ya ushujaa, huruma na siri. Hili halina madhara, kwani lugha nyingi ziko hivyo. Penye hatari ni pengine. Mgonjwa wa Pwani akisema anaumwa chembe cha moyo, anaonyesha pale chini ya kidari, mbavu zinapoachana. Mara nyingi ni tumbo linalomsumbua. Muuguzi aliyekulia mbali na Pwani huenda akaandika ugonjwa wa moyo. Tena yawezekana kinyume chake: moyo wenyewe ukawa unaugua, mgonjwa akapewa dawa ya kiungulia.

Mapafu nayo yamebadili majina. Wazee walisema yavuyavu, neno ambalo leo vijana wengi hawalijui. Pafu limeshinda, na tunaona limeshinda kwa haki, kwa kuwa ni fupi na halina maana ya pili. Lakini katika mazungumzo, maradhi ya mapafu bado huitwa kifua: "ana kifua" yaweza kuwa pumu, kikohozi cha juma moja au kifua kikuu. Kwa hiyo "upasuaji wa kifua" hauelezi kama kinachotibiwa ni moyo, pafu au mbavu.

Kupasua na kupandikiza

Neno upasuaji latokana na kupasua, tendo lile lile tunalolitenda kwa kuni na mbao. Wako waliolipinga kwa ukali wake, na watu wengi bado husema operesheni. Hata hivyo limedumu, maana linaeleweka kwa wote. Nusukaputi, ambalo wengi hulihusisha na Kijerumani, limedumu vilevile, japokuwa ganzi na dawa ya usingizi yapo.

Mfano mzuri zaidi ni kupandikiza. Mkulima wa mpunga alikuwa akilitumia neno hili tangu zamani: huhamisha mche kitaluni na kuupanda mahali utakapokulia. Mpasuaji naye huhamisha kiungo, na kama mche, kiungo hicho chaweza kushika au kukataliwa. Kwa njia iyo hiyo, mchepuo, neno la barabara, laeleza vizuri kazi ya Favaloro. Msafiri wa barabara ya Morogoro anayepita Kibaha hahitaji kufundishwa maana ya gari kuchepuka pale njia ilipofungwa.

Nafuu, ahueni, kupona

Sasa tufikie kiini cha makala haya. Kwa miaka mingi Mtanzania aliyehitaji kufunguliwa moyo alipelekwa nje, hasa India. Maelezo ya siku za kupata nafuu aliyapewa huko, kwa lugha nyingine. Upasuaji huo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwaka 2017 ilifunguliwa Hospitali ya Mloganzila, jirani na Kibaha na Kisarawe. Kwa hiyo maelezo ambayo zamani yalitolewa ng'ambo sasa hutolewa hapa nyumbani, kwa Kiswahili, na mara nyingi hutungwa papo hapo na muuguzi mwenye wagonjwa wengine wengi wanaomngoja.

Katika kijiji kimoja cha Kisarawe tulimkuta mama mmoja aliyewekewa vali ya bandia. Tulipokwisha kumwamkia na kuitikiwa, tulimwuliza habari za dawa zake.

"Wanangu," alisema, "waliniambia dawa hii inafanya damu iwe nyepesi. Mimi damu yangu ni haba tangu ujana. Nikaona itanimaliza, nikaiacha."

Alikuwa ameiacha siku tisa. Kwa bahati njema mpwa wake alitambua hatari akamrudisha kliniki. Mwenye vali ya chuma hana budi kunywa dawa hiyo maisha yake yote, kwani damu yaweza kuganda juu ya vali, ikaikwamisha, au donge likaenda kwenye ubongo. Tena dawa hiyo haiigeuzi damu kuwa maji. Huichelewesha kuganda tu. Katika Kiswahili cha watu, damu nyepesi ni damu dhaifu. Aliyemwambia hivyo alikusudia mema, ila alichukua taswira ya lugha nyingine akaiweka katika yetu.

Mama huyo alikuwa na swali la pili: je, asile kisamvu? Mtu alimwambia majani yanaua dawa. Ukweli ni kwamba kisamvu, mchicha na matembele yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mgonjwa hakatazwi, hutakiwa ale kwa kiasi kisichobadilika sana, na apimwe damu kila aagizwapo.

Vilevile huambiwa "usibebe kitu kizito". Mfupa wa kidari uliokatwa na kufungwa kwa nyaya huhitaji miezi miwili hadi mitatu kuunga. Lakini kizito ni nini kwa mwanamke ambaye ndoo ya lita 20 ni mzigo wake wa kila asubuhi? Haioni nzito, ameizoea. Yafaa aambiwe wazi: usitwike ndoo, usitwange, usishike jembe, mpaka daktari akuruhusu.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno hapa. Mgonjwa hupata ahueni maumivu yanapopungua. Hupata nafuu anapoanza kula, kukaa na kutembea. Hupona maradhi yanapokwisha. Tatizo ni kwamba mara nyingi huambiwa "umepona" siku ya kuruhusiwa, na aliyepona hana sababu ya kuendelea kunywa dawa.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi wa afya:

(a) Mshipa usiandikwe peke yake katika hati yoyote ya mgonjwa. Iandikwe mshipa wa damu, na mahali ulipo patajwe.

(b) Dawa ya kufanya damu nyepesi iachwe. Itumike dawa ya kuzuia damu kuganda.

(c) Upasuaji wa kifua ufuatiwe na jina la kiungo: moyo, pafu au mbavu.

(d) Neno kupona liwekwe akiba kwa maradhi yaliyokwisha. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani amepata nafuu, na aambiwe hivyo.

Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2003 ilikuwa hatua kubwa kwa wataalamu. Kinachobaki ni kazi ndogo zaidi na yenye jasho zaidi: kukaa kando ya kitanda na kusikiliza jinsi neno linavyopokelewa. Wasomaji walio katika hospitali, zahanati na shule wanaombwa watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, hata yale yanayoonekana ya kawaida mno. Mshipa nao ulionekana wa kawaida.