Uhai wa Rilei

Zingatia, ewe msomaji, jinsi chombo kidogo kilivyobeba maneno ya watu. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse alipeleka habari kwa waya kutoka Washington hata Baltimore, huko Marekani. Umeme hudhoofika kadiri waya urefukavyo. Kwa hiyo ilitumiwa rilei, yaani swichi ivutwayo na sumaku ya umeme. Mkondo dhaifu uliiamsha sumaku, nayo ikafunga njia ya betri nyingine yenye nguvu.

Baadaye rilei ilirithiwa na wapenzi wa redio, wazungumzao kwa alama za Morse pasipo malipo. Kwao huhamisha waya wa angani kutoka mtambo wa kupeleka hadi wa kupokea. Atakaye kumsikia mwenziwe baina ya nukta na vistari huilazimisha igonge kwa kila alama.

Hebu tupige hesabu. Neno PARIS, lililo kipimo cha mwendo, lina alama 14. Kwa maneno 20 kwa dakika, rilei hugonga mara 280. Kwa saa moja, mara 16,800. Iliyoundwa kudumu mara milioni moja itachakaa kwa saa 60 hivi za kupeleka. Cheche hula ncha zake, vumbi huzuia umeme, na maneno ya mwenzio hupotea.

Mwaka wa 1936 Walter Ellwood wa Bell Laboratories alibuni swichi ambayo ncha zake zimefungiwa ndani ya kioo, zisidhuriwe na hewa. Kisha zikaja diodi, zisizo na kiungo kitembeacho. Haba na haba hujaza kibaba. Na mguso kwa mguso humaliza chuma.